Castle ya Thika na Kibo ya Moshi: viwanda viwili vya bia, mkataba mmoja

Kila zinapotokea habari za kuuzwa kwa hisa za kampuni ya bia, mjadala mmoja wa zamani hufufuka. Mtu atauliza: hivi kile kiwanda cha Castle kule Thika kiliishia wapi? Majibu huja haraka, kila mmoja na lake. Wa kwanza atasema Wakenya waliisusia Castle kwa sababu ilikuwa bia ya Makaburu. Wa pili atasema KBL, watengenezaji wa Tusker, ilikinunua kiwanda ili ikiue. Wa tatu, hasa akiwa wa upande wa Tanzania, atadakia kwamba hata Moshi walikuwa na kiwanda chao, Kibo, nacho kikazimwa na wakubwa. Kisha atatokea mjuzi anayeapa kwamba Castle haikufungwa hata kidogo, kwa kuwa yeye mwenyewe aliinywa Nairobi mwaka 2005.

Huyo wa mwisho hadanganyi, ila amechanganya bia na kiwanda. Wa Moshi ndiye aliyekaribia ukweli kuliko wote, kwa sababu Castle ya Thika haielezeki bila Kibo. Viwanda hivyo vilifungwa mwaka mmoja, 2002, kwa makubaliano yaleyale, na kila kimoja kilikuwa sehemu ya bei ya mwenzake.

Majina kwanza

Nusu ya mkanganyiko huu inatokana na majina, basi tuyaweke sawa. EABL, yaani East African Breweries, ni kampuni mama yenye makao Nairobi. KBL, Kenya Breweries, ni kampuni tanzu ya EABL inayotengeneza bia ndani ya Kenya, Tusker ikiwa ya kwanza kwa umaarufu. EABL ina tanzu nyingine Uganda, Uganda Breweries, watengenezaji wa Bell. Watu hutaja EABL na KBL kana kwamba ni kitu kimoja, lakini anayemiliki hisa za KBL ana fungu katika biashara ya Kenya peke yake, na anayemiliki hisa za EABL ana fungu katika zote. Ishike tofauti hiyo, tutaihitaji mbele.

SAB ilikuwa South African Breweries, wenye Castle Lager, bia iliyoanza kutengenezwa Johannesburg mwishoni mwa karne ya 19. TBL ni Tanzania Breweries, wenye Safari na Kilimanjaro, ambayo tangu 1993 imeendeshwa na SAB na baadaye warithi wake. Castle Brewing Kenya ilikuwa kampuni ya SAB yenye kiwanda Thika. Kibo Breweries ilikuwa kampuni ya upande wa EABL yenye kiwanda Moshi.

Kwa maneno mengine, mwaka 2000 mwenye soko la Kenya alikuwa na kiwanda Tanzania, na mwenye soko la Tanzania alikuwa na kiwanda Kenya. Kila mmoja alikuwa mkubwa kwake na mgeni kwa mwenzake.

Nchi mbili, pombe ya ukoo mmoja

Uhasama huu una mizizi mirefu kuliko wengi wanavyodhani. Kenya Breweries iliandikishwa Desemba 1922 na walowezi, wakiwemo ndugu wawili, George na Charles Hurst. George aliuawa na tembo akiwa mawindoni mwaka 1923, na ndiyo asili ya jina Tusker na picha ya tembo kwenye lebo. Dar es Salaam nako kulianzishwa kampuni ya bia, Tanganyika Breweries, mwaka 1933. Haikupita muda ikanunuliwa na wale wa Nairobi, ambao ndipo walipochukua jina la East African Breweries. Kwa hiyo kwa miongo mitatu hivi, aliyekunywa bia ya kiwandani Dar na aliyekunywa Nairobi walikuwa wakimlipa tajiri mmoja.

Huko Kenya, mshindani wa kweli alikuwa Allsopps, kampuni yenye asili ya Uingereza iliyokuwa na kiwanda jijini Nairobi. Mwaka 1962 ilimezwa na EABL. Leo ukipanda matatu ya Thika Road na kumwambia konda "Allsops shukisha," unataja kiwanda cha bia kilichopoteza uhuru wake kabla Kenya haijaupata wake. Wengi wanaoshuka pale hawana habari.

Tanzania ilichukua njia yake baada ya Azimio la Arusha la 1967. Serikali ilijitwalia sehemu kubwa ya umiliki wa kampuni kadhaa, Tanzania Breweries ikiwemo, na baadaye ikaimiliki yote. Uhusiano na Nairobi ukakatika. Kufikia miaka ya 1980, uchumi ukiwa umebanwa na fedha za kigeni zikiwa adimu, kiwanda kilikosa malighafi na vipuri na bia ikawa bidhaa ya kuwindwa. Waliokuwa watu wazima enzi hizo wanakumbuka kwamba kuipata bia kulihitaji kumjua mtu.

Mageuzi ya miaka ya 1990 ndiyo yaliyofungua mlango. Mwaka 1993 serikali ya Tanzania iliingia ubia na SAB, ikawaachia nusu ya hisa na usukani wa TBL. Afrika Kusini yenyewe ilikuwa ndiyo kwanza inatoka kwenye vikwazo vya enzi ya ubaguzi wa rangi, na makampuni yake yalikuwa yakisaka masoko kaskazini kwa pupa. Mitambo ikakarabatiwa, ladha ikatulia, bia ikaonekana madukani. Safari iliyokuwa ikilaumiwa jana, leo ikawa inasifiwa.

Kwa EABL hiyo ilikuwa habari mbaya. Tusker ilikuwa imejizoelea wanywaji upande wa kaskazini mwa Tanzania, na sasa alikuja mtu mwenye fedha na ujuzi. Kuendelea kuvusha bia mpakani kulikuwa ghali. Umoja wa forodha wa Afrika Mashariki ulianza kutumika 2005, na kabla ya hapo bia ya Kenya ikiingia Tanzania ilikuwa bia ya nje, ikibeba ushuru wa bia ya nje. Dawa ilikuwa kuitengeneza hukohuko. Ndipo kikaja kiwanda cha Kibo, Moshi.

Uchaguzi wa Moshi haukuwa wa kubahatisha. Mji uko karibu na mpaka wa Holili na Taveta, maji ya Mlima Kilimanjaro yapo, na wanywaji wa Kilimanjaro na Arusha hawahitaji kufundishwa bia ni nini. Shayiri, nafaka ambayo ikiloweshwa, ikaachwa ichipue kidogo kisha ikakaushwa huwa kimea, inastawi katika nyanda za juu za kaskazini. Bia yao ya nyumbani iliitwa Kibo Gold, na Tusker nayo ikapata mahali pa kutengenezewa ndani ya Tanzania.

SAB hawakukaa kimya. Jibu lao lilijengwa Thika, umbali wa kilomita 40 na ushei kutoka Nairobi, likaanza kazi 1998.

Kwa nini Thika, na kwa nini ilikuwa vigumu

Thika ni mji wa viwanda tangu ukoloni. Una mito miwili, Chania na Thika, una reli, una mafundi waliolelewa kwenye mashine, na umekaa katikati ya soko kubwa kuliko yote ya bia nchini, yaani Nairobi na eneo la Mlima Kenya. Ila lori la Castle likitoka kiwandani kwenda Nairobi lilishika Thika Road na kupita Ruaraka, mbele ya kiwanda cha KBL. Sidhani kama palikuwa na dereva ambaye hakutupa jicho upande ule.

Hapa ndipo ufafanuzi wa biashara yenyewe unapohitajika, kwa sababu watu huamini vita vya bia ni vita vya ladha. Ladha ina nafasi yake, lakini kiwanda cha bia huishi au kufa kwa mambo matatu yasiyoonekana kwenye glasi.

La kwanza ni ujazo. Kiwanda cha bia ni matangi makubwa, boila, majokofu na mashine ya kujaza chupa, na vyote hivyo vimelipiwa kabla chupa ya kwanza haijauzwa. Fikiria matatu ya abiria 14 inayotoka Thika kwenda Nairobi. Ikiondoka na abiria watatu, mafuta ni yaleyale, mkopo wa gari ni uleule, na dereva anataka mshahara wake. Kila kiti kitupu kinakula kilichopatikana kwenye kiti chenye mtu. Kiwanda kinachofanya kazi kwa sehemu ndogo ya uwezo wake kiko katika hali hiyo, siku zote, usiku na mchana, maana tangi la bia halizimwi saa kumi na moja jioni wafanyakazi wakienda nyumbani.

Na viti havikujaa. Miaka ile ya mwisho ya karne ilikuwa migumu Kenya. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilibomoa barabara. Ukame ukafuata, na mwaka 2000 umeme ukagawiwa kwa zamu kwa sababu mabwawa yalikauka. Ukuaji wa uchumi mwaka huo ulikuwa karibu na sifuri. Mtu aliyezoea chupa nne alishuka hadi mbili, na wengi walihamia pombe za bei nafuu zisizo na lebo wala ushuru. SAB walikuwa wamejenga kiwanda kipya katika soko ambalo hata mwenyeji alikuwa na matangi ya ziada. KBL yenyewe ilikuja kukifunga kiwanda chake cha Kisumu miaka michache baadaye, na kikakaa hivyo hadi kilipofufuliwa 2019. Ikiwa mwenye nyumba alikuwa na vyumba vitupu, mpangaji mpya alitegemea nini?

La pili ni chupa, na hili ndilo ambalo mnywaji wa kawaida halifikirii kabisa. Bia kwetu huuzwa kwa chupa za kurudisha. Mwenye baa hanunui chupa, ananunua kilichomo. Chupa na kreti ni mali ya mwenye kiwanda, na zinazunguka: zimejaa kwenda, tupu kurudi. Nenda nyuma ya baa yoyote asubuhi kabla haijafunguliwa utamkuta mtu wa stoo amechuchumaa kati ya kreti, anahesabu chupa tupu 25 kwa kila kreti, anaitoa iliyovunjika mdomo, anaichomoa iliyotumbukizwa makosa kutoka kampuni nyingine. Akipeleka tupu 25, anapewa zilizojaa 25 na kulipia bia tu. Zikipungua, anaweka rehani ya fedha taslimu.

Sasa jiweke mahali pake mwaka 1999. Stoo yako ina kreti mia za KBL ulizokusanya kwa miaka. Akija mtu wa Castle, unaanza upya: ulipie rehani ya kreti mpya, uzitafutie nafasi, ufanye hesabu ya chupa za aina mbili. Kwa bia ambayo hujui kama itatoka? Wengi walichukua kreti chache, wakangoja kuona. Kwa upande wa kiwanda, hiyo maana yake ni kununua mamilioni ya chupa mpya, kuzisambaza, kisha kuomba Mungu zirudi.

La tatu ni njia ya kufikia baa. Wasambazaji wakubwa walikuwa wamekulia mikononi mwa KBL. Maghala yao, malori yao, mikopo yao kwa wenye baa, vyote vilijengwa juu ya Tusker, Pilsner na White Cap. Kuwahamisha hao si suala la kutoa bei nzuri wiki moja.

Juu ya hayo yote ndipo likaja tangazo. Tusker ilitangazwa kwa kauli ya "Bia yangu, nchi yangu," na hakuna aliyehitaji kuambiwa bia isiyo ya nchi yake ni ipi. Tangazo lilifanya kazi. Nakubali. Lakini kusema Castle iliuawa na uzalendo ni kulipa tangazo sifa lisiyostahili. Wakenya haohao waliendelea kununua magari ya Kijapani, sabuni za kampuni za Uingereza na, kwa taarifa, Guinness ya KBL yenye asili ya Dublin. EABL yenyewe ilikuwa na mwenye hisa mkubwa kutoka London, Diageo, kampuni iliyozaliwa 1997 Guinness ilipoungana na Grand Metropolitan. "Nchi yangu" ilikuwa na shangazi Ulaya.

Moshi, mambo yaleyale upande wa pili

Unachotakiwa kufanya sasa ni kugeuza picha. Yote niliyoyasema kuhusu Castle ndani ya Kenya yaliikuta Kibo ndani ya Tanzania. TBL ilikuwa na viwanda Dar es Salaam, Arusha na Mwanza. Ilikuwa na chupa, kreti na mawakala nchi nzima. Kibo ilikuwa na kiwanda kimoja kaskazini, na kila kreti iliyotaka kufika Mbeya au Songea ilibidi ikatize nchi nzima kabla ya kupambana na bia iliyokuwa tayari kwenye friji.

TBL nayo ilicheza karata ya uzalendo kwa namna yake. Kuna bia gani inayozidi kuitwa Kilimanjaro? Mwaka 1998 hisa zake ziliorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, miongoni mwa kampuni za mwanzo kabisa sokoni hapo, na Watanzania wa kawaida wakawa wamiliki wadogo. Kampuni iliyoendeshwa kutoka Johannesburg ilionekana ya nyumbani kuliko ile iliyoendeshwa kutoka Nairobi. Ajabu ni kwamba kwa historia, Nairobi ndiyo iliyokuwa na undugu wa zamani na Dar.

Basi kufikia 2001 hali ilikuwa hivi: SAB ilikuwa ikimwaga fedha Thika, EABL ilikuwa ikimwaga fedha Moshi, na kila mmoja alikuwa akilazimika kushusha bei na kupandisha gharama za matangazo kwenye soko lake mwenyewe ili kumzuia mwenzake. Mnywaji ndiye aliyekuwa akifaidi.

Makubaliano yenyewe

Mwaka 2002 wakubwa walikaa mezani. Walichokubaliana ni kubadilishana hisa. Hisa ni kipande cha umiliki: mwenye asilimia 20 ya kampuni ana haki ya sehemu moja kati ya tano ya faida inayogawiwa. Katika mabadilishano, hakuna anayebeba sanduku la noti. Unanipa kipande cha chako, nakupa kipande cha changu.

SAB ilipata asilimia 20 ya KBL. EABL ilipata asilimia 20 ya TBL. Kiwanda cha Castle cha Thika kikafungwa. Kiwanda cha Kibo cha Moshi kikafungwa, na kampuni ya Kibo ikaingia mikononi mwa TBL. Kisha zikaja leseni: KBL itengeneze na kuuza Castle nchini Kenya, TBL itengeneze na kuuza Tusker nchini Tanzania. Leseni ni ruhusa ya kutengeneza bia ya mwenzako kwa jina lake na kwa maelekezo yake, huku ukimlipa kwa kutumia jina hilo.

Mwaka huohuo SAB iliinunua Miller ya Marekani ikajiita SABMiller, ndiyo maana baadhi ya maelezo ya mkataba huu hutaja jina moja na mengine jina jingine.

Tazama mkataba huu ulivyosukwa. Wapinzani wakipigana, kila mmoja hupoteza. Baada ya makubaliano, KBL ikiuza sana Kenya, SAB anachukua mgawo wake. TBL ikiuza sana Tanzania, EABL anachukua mgawo wake. Hakuna tena sababu ya yeyote kumsumbua mwenzake nyumbani, kwa sababu atakuwa anajisumbua mfukoni. Kwa wenye hisa ulikuwa mkataba mzuri sana. Kwa wafanyakazi wa Thika na Moshi ulikuwa barua ya kuachishwa kazi. Kwa mnywaji ulikuwa mwisho wa kubembelezwa, maana kila nchi ilirudi kwa muuzaji mmoja mkuu.

Na sasa ile tofauti niliyoomba uishike. SAB walipewa hisa za KBL, si za EABL. Uganda haikuwemo. Huko SAB ilikuwa na Nile Breweries ya Jinja, na EABL ilikuwa na Uganda Breweries ya Port Bell, na hakuna aliyekuwa mgeni wala dhaifu wa kutosha kufukuzwa. Kwa hiyo Nile Special na Bell ziliendelea kutwangana kama kawaida. Mtu akikuambia mkataba wa 2002 ulimaliza vita vya bia Afrika Mashariki, muulize mlevi yeyote wa Kampala.

Uongo unaozunguka

"KBL iliinunua Castle ili kuifunga." Hapana. Mwenye Castle ndiye aliyekifunga kiwanda chake, kwa hiari, kwa sababu alipewa kitu alichokiona bora: faida ya Tusker bila kazi ya kutengeneza Tusker. Kusema KBL ilimfukuza ni kusahau kwamba alitoka na asilimia 20 ya nyumba aliyofukuzwa.

"Bia yenyewe ilikuwa mbaya." Castle Lager iliendelea kuuzwa Kenya baada ya 2002 ikitoka kwenye matangi ya KBL. Yule mjuzi wa 2005 alikunywa Castle ya kweli, ila haikutoka Thika. Bia na kiwanda ni vitu viwili: jina la bia ni mali inayoweza kuuzwa, kukodishwa au kuhamishwa, wakati kiwanda ni chuma na saruji visivyohama.

"Serikali zilikula njama." Hili sina haja ya kulipamba. Sheria za ushindani za wakati ule zilikuwa changa. Kenya ilikuwa bado inatumia sheria ya ukiritimba na udhibiti wa bei ya mwishoni mwa miaka ya 1980. Sheria ya Ushindani ya sasa ni ya 2010. Tanzania ilitunga Sheria yake ya Ushindani mwaka 2003, mwaka mmoja baada ya mkataba, na Tume ya Ushindani, FCC, ni zao la sheria hiyo. Makubaliano yanayoacha kila nchi na muuzaji mmoja yangekutana na maswali makali zaidi kama yangeletwa mezani miaka kumi baadaye. Tunalijua hilo kwa sababu kilichofuata kilipitia mezani hapo.

Ndoa ilivyovunjika

Amani ilidumu miaka saba hivi. EABL ilianza kulalamika kwamba TBL haisukumi Tusker ipasavyo Tanzania. Kama ni kweli, haishangazi: ungependa kuuza ipi, Kilimanjaro ambayo faida yote ni yako, au Tusker ambayo unamlipia mwenzako? Leseni zikavunjika, mzozo ukaingia kwenye vyombo vya sheria, na EABL ikatafuta mlango mwingine wa kurudi Tanzania. Mlango huo ulikuwa Serengeti Breweries, kampuni changa ya Kitanzania iliyokuwa imeonyesha kwamba TBL inaweza kutikiswa. Mwaka 2010 EABL ilinunua asilimia 51 ya Serengeti.

FCC ilikubali kwa sharti: huwezi kumiliki Serengeti na wakati huohuo kubaki na hisa za mshindani wake mkuu. EABL ikaziuza hisa zake za TBL mwaka 2011, karibu hisa milioni 59, kwa umma kupitia soko la Dar es Salaam. Mwaka huohuo SABMiller ikairudishia EABL ile asilimia 20 ya KBL kwa fedha. Mabadilishano ya 2002 yakawa yamefumuliwa uzi kwa uzi. Kisichofumuliwa ni viwanda.

SABMiller ilirudi Kenya hata hivyo, safari hii kwa mguu mwepesi. Badala ya kujenga, ilinunua biashara ya maji ya chupa ya Keringet, ikapata maghala na njia za usambazaji, kisha ikaingiza bia zake kutoka viwanda vyake vya nje. Walikuwa wamejifunza kuhusu viti vitupu. Aliyethubutu kujenga kiwanda Kenya na kupambana na KBL uso kwa uso alikuwa mwenyeji, Keroche ya Naivasha, iliyotoa Summit Lager mwaka 2008 na kukutana na matatizo ya chupa, wasambazaji na ushuru ambayo kiwanda cha Thika kilikuwa kimeyapitia muongo mmoja nyuma.

Kuhusu Moshi, mji haukubaki bila harufu ya kimea. TBL ilikuwa na kiwanda cha kimea hapo kilichonunua shayiri ya wakulima wa kaskazini, na Serengeti nayo ikajenga kiwanda cha bia mjini humo. Kwa hiyo kijana wa Moshi anayesema "sisi tuna kiwanda cha bia tangu zamani" na mzee anayesema "kile kilifungwa" hawana sababu ya kugombana, wanazungumzia viwanda tofauti. Jina la Kibo Gold nalo lilikuja kuonekana tena miongoni mwa bia za Serengeti, yaani lilizunguka na kurudi upande wa EABL.

SABMiller yenyewe haipo tena kama kampuni. Oktoba 2016 ilinunuliwa na AB InBev ya Ubelgiji, ambayo ndiyo sasa inaimiliki Castle na ndiyo mwenye hisa mkuu wa TBL. Ukitaka kujua Castle iliyo mbele yako imetoka wapi, acha maandishi makubwa ya mbele. Geuza chupa usome yale madogo ya nyuma, yanataja kampuni iliyoitengeneza na nchi ilikotoka.